Kitufe cha Tano

Wiki jana mliniacha nikiteremsha kibao cha TAVIA kutoka juu ya duka langu pale Kisii mjini, na mwenye jengo akinishikia ngazi kwa furaha kupita kiasi. Aliyekosa kusoma asihofu. Aibu yangu haihitaji maelezo marefu.

Mimi ni Obadiah Nyangate. Zamani Kisii nzima na nusu ya Nyamira waliniita Bwana Tavia. Nilikuwa wakala wa simu za Tavia wakati ambapo mtu akisema "simu" alikuwa amesema Tavia. Walinipeleka Nairobi nikafundishwa wiki mbili, nikarudi na cheti na mashati ya buluu. Watu walinisalimia mimi kwanza, ndipo wakamsalimia padri.

Kisha zikaja simu za kupanguza kioo. Nikacheka. Tavia walipofunga kiwanda kimoja, nilisema wanapunguza kelele. Walipouza jengo lao kuu huko Ulaya, nilisema wanahamia kubwa zaidi. Walipoacha kabisa kutengeneza simu, nikawaambia wateja kwamba kampuni imepumzika kidogo. Ubaya ni kwamba hata mimi nilijiamini.

Wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa mwanangu Lewis, tuliyeuza naye dukani. Alisema mbele ya wateja, akiniita Tata, ndiyo baba kwetu, "Tata, Tavia imeisha. Tuuze hizi zingine." Nikamwambia avue shati la kampuni. Akadhani natania. Nikamwambia tena avue. Akatoka dukani mwangu na fulana ya ndani, akakatiza katikati ya mji hivyo hivyo, na kabla ya wiki kwisha akawa ameenda zake Nairobi.

Hayo niliyaungama wiki jana, na baadhi yenu mliniandikia kunitukana. Asanteni. Leo mtaongeza.

Sasa nina kibanda Nyakoe. Natengeneza zile zile simu za vioo nilizozicheka. Yangu mwenyewe bado ni Tavia, ya vitufe, ina miaka kumi na minne na betri yake bado inakaa siku tano. Kitu kimoja tu kimekufa ndani yake, kitufe cha kupunguza sauti. Ikilia, inalia mlio ule ule wa zamani wa Tavia, kwa nguvu zake zote, na soko zima linageuka kunitazama.

Basi Jumapili moja, saa nne asubuhi, nilikuwa kibandani na bisibisi mkononi. Mke wangu Jacinta alikuwa ametoka mapema. Aliniambia ana mkutano wa akina mama huko Birongo. Nikaona amesuka nywele upya, amevaa kitenge kipya, nikajiambia akina mama wa Birongo wameendelea.

Persis, mwenye saluni jirani, akafungua mlango wake. Akanitazama kama mtu aliyeona jogoo ndani ya kanisa.

"Baba Lewis! Kwani wewe bado uko hapa?"

"Niwe wapi?"

"Si leo ndio mnaenda Nyamira kwa wakwe?"

"Wakwe wa nani?"

Persis akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaweka bisibisi chini.

"Persis. Wakwe wa nani?"

"Mimi nilimsuka tu mama Lewis," akasema haraka. "Akaniambia ni siku ya Lewis. Anaoa huko kwa mwalimu Osoro, yule alistaafu. Msichana anaitwa Kwamboka. Mimi nilijua wewe ndio unaongoza watu! Aki nisamehe, baba Lewis. Mdomo wangu huu!"

Nakumbuka nilikaa.

Niwaambie kilichonikata maini. Siku ya kwenda kwa wakwe, huku kwetu, kijana hajisemei. Baba ndiye husimama na kusema, huyu ni wangu, nimemleta. Atakayesimama siku hiyo ndiye wakwe watamjua maisha yote. Mjukuu akizaliwa, yeye ndiye ataitwa. Na mwanangu alikuwa anasimamiwa na mtu mwingine, saa hiyo hiyo, nami nimeshika bisibisi.

Nikampigia Jacinta. Simu ikaita hadi ikachoka.

Nikampigia ndugu yangu Abner, maana kama si mimi angekuwa nani? Ikaita. Ikakatwa.

Nikaamua kuandika. Mimi si mtu wa maneno mengi, kila anayenijua anajua hivyo. Mtu wa neno moja, ndivyo walivyoniita, nami nilijivunia. Nikaandika neno moja kwa dole gumba, bila hata kutazama kioo, kwa sababu aliyezoea Tavia hahitaji macho. Niliandika: Nakuja.

Jibu la Abner lilifika upesi. "Kula pole pole ndugu yangu. Tutaongea jioni."

Nikalisoma mara mbili.

"Persis, mimi nimesema habari ya kula?"

"Hujasema."

"Basi huyu ananiambia nile nini?"

"Lete nione." Akaichukua simu, akahangaika na vitufe, akafungua ujumbe niliotuma. Akaanza kucheka. "Baba Lewis, umemwambia unakula!"

Nikainyang'anya. Kweli, kwenye kioo kulikuwa na neno langu moja: Nakula.

Hapo lazima niwafundishe kidogo, hasa ninyi mliozaliwa juzi. Kwenye simu zetu kila kitufe kilibeba herufi tatu, vingine nne. Cha tano kilibeba J, K na L. Ukiwasha kamusi ya simu, hubonyezi mara tatu tatu kutafuta herufi. Unabonyeza kila kitufe mara moja, na simu yenyewe inabahatisha neno lako. Sasa kuja na kula hupigwa kwa vitufe vile vile. Andika uone. Simu haiwezi kujua unakuja au unakula, inachagua tu. Ikichagua vibaya unabonyeza nyota, inakupa neno la pili.

Jambo hilo niliwafundisha watu wa Kisii miaka kumi. "Tazama kwanza, ndipo utume," niliwaambia, nikiwa nimesimama na shati langu la buluu. Mimi mwenyewe sikuwa natazama. Kutazama ni kwa asiyeiamini Tavia.

Persis alikuwa bado anacheka, na wasomaji wangu, mimi pia nilicheka.

Kisha nikakumbuka Krismasi.

Miaka mitano iliyopita, tarehe ishirini na nne Desemba, Lewis aliniandikia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimvue shati. Ujumbe wake naukumbuka neno kwa neno, maana nilimsomea Jacinta jikoni na yeye akakalia gunia la makaa akalia. "Tata nakuja kesho. Nitafika Kisii saa saba. Nikule huko ama nikule nyumbani?"

Kijana ameomba msamaha bila kuomba. Ameuliza kama kuna sahani yake. Mimi nami nilitaka kusema mengi, kwamba mama yako amelia, kwamba jogoo amefungwa, kwamba niliona aibu. Lakini mimi ni mtu wa neno moja. Nikajibu, yaani asile huko mjini: Usile.

Yeye akajibu: "Sawa Tata."

Kesho yake tulipika. Tukangoja saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa. Lewis hakuja. Jioni nilisema jina lake lisitajwe tena katika nyumba yangu, na halikutajwa, kwa miaka mitano.

Sasa nikiwa kibandani nikafungua ujumbe wa zamani niliotuma. Haukuwa mwingi, mtu wa neno moja hana mwingi. Nikashuka, nikashuka, nikaufikia. Tarehe ishirini na nne Desemba. Kwa Lewis.

Usije.

"Baba Lewis?" Persis aliacha kucheka. "Baba Lewis, ni nini?"

Nikafungua ukurasa mpya. Nikabonyeza mbele yake. Nane, saba, nne, tano, tatu. Ikatokea: Usije. Nikabonyeza nyota. Ikatokea: Usile.

Kitufe kimoja. Nilikosa kubonyeza nyota.

"Nilimfukuza," nikamwambia Persis. "Siku ya Krismasi. Alikuwa anauliza chakula, nikamfukuza."

Persis alitoka mbio barabarani akapiga kelele, "Momanyi! Leta hiyo pikipiki!" Kisha akarudi akanivua aproni kwa mikono yake, kama mtoto anayepelekwa shule. "Enda. Mambo ya wakwe huanza wakichelewa. Nitakupigia nijue kama umefika."

Momanyi aliendesha kama mtu aliyeiba. Tulipita Kisii mjini, tukapita mbele ya lililokuwa duka langu. Spika kubwa mlangoni ilikuwa inatangaza simu za kioo, na kijana mmoja alikuwa anacheza nje amevaa shati jekundu la kampuni nyingine. Nikatazama upande wa pili.

"Mzee, huko Nyamira ni nini?" Momanyi akaniuliza akiwa bado anakimbiza.

"Mwanangu anaoa."

"Na wewe unachelewa aje?"

"Endesha, Momanyi."

Barabara ya Nyamira ilitulaki na mvua ya rasharasha. Nilikuwa najipanga maneno. Mimi, mtu wa neno moja, nilikuwa natunga hotuba nzima mgongoni mwa mtu. Ningeingia, ningenyoosha simu juu, ningewaonyesha wote. Kosa ni la simu! Ningemwambia Lewis, mwanangu, tazama mwenyewe, kosa ni la simu.

Boma la mwalimu Osoro lilikuwa na hema jeupe lililotandazwa kati ya nyumba na shamba la chai. Viti vimejaa. Nikamwona Abner mbele, amevaa koti nililomwazima mwaka juzi. Karibu naye Lewis. Amenenepa kidogo. Ana ndevu. Sikumjua kwa uso, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anakung'uta goti moja, vile alivyofanya siku za dukani wateja wakiwa wengi.

Sijafika hema Jacinta akanikabili. Alikuwa anatoka jikoni na bakuli la kunawia. Maji yakamwagika.

"Umefuata nini hapa?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali apandishe.

"Jacinta, soma hii."

"Obadiah, rudi nyumbani."

"Soma kwanza!" Nikamwekea simu machoni. "Nilitaka kumwambia usile. Simu ndiyo iliandika usije. Niliandika usile, Jacinta! Wewe si ulikuwepo? Si tulipika?"

Akasoma. Nikamwonyesha vitufe, nikabonyeza, nikaweka nyota. Akaelewa. Niliona uso wake unaelewa, ukabomoka, kisha ukajikaza tena.

"Alinisomea hilo neno kwa simu," akasema. "Krismasi ile ile, usiku, nikiwa nimejificha nyuma ya nyumba. Mama, Tata amesema nisije. Miaka yote hii nimekuwa naongea naye kwa siri."

"Na hukuniuliza? Miaka mitano? Swali moja tu, Jacinta!"

"Ningekuuliza nini?"

"Kama kweli nilisema hivyo!"

"Ulimvua mtoto shati mbele ya watu," akasema mke wangu. "Akinisomea 'Usije', mimi ningeshuku nini? Nilidhani ulingoja nami mezani ili nisijue umemfukuza. Lilifanana na wewe."

Ile hotuba yangu yote ya njiani ikaisha hapo. Nilikuja kuwaambia kwamba kosa ni la simu. Lakini neno lile lingetoka kwa baba mwingine, wangeshangaa, wangepiga simu, wangeuliza. Lilitoka kwangu na hakuna aliyeshangaa.

"Basi niache nimwone," nikasema. "Nimwambie yeye mwenyewe. Asimame na mimi leo, Abner akae."

"Haiwezekani."

"Kwa nini? Mimi ni baba yake."

Jacinta akatazama nyuma, kisha akanisogelea hadi nikasikia harufu ya mafuta ya nywele zake mpya.

"Lewis aliwaambia umekufa."

Mvua ilikuwa imeacha. Nilisikia mtu anagonga sufuria jikoni.

"Aliwaambia lini?"

"Siku ya kwanza alipojuana na Kwamboka. Msichana alimuuliza habari ya baba yake, Lewis akasema hana. Neno likakua likafika kwa mzee Osoro. Sasa huyo mzee amefundisha miaka arobaini, na kitu kimoja hawezi kuvumilia ni mwongo. Ukiingia pale ukiwa baba, Lewis ni mwongo mbele ya wakwe. Hatapewa msichana. Kwamboka ana mimba ya miezi mitano, Obadiah."

Mjukuu wangu.

Ndipo nilipoona mahali nilipojifikisha. Nikiingia, namvua mwanangu shati mara ya pili, tena mbele ya watu wengi zaidi. Nikiondoka, nimekufa kweli, na Abner ndiye babu.

Sitawadanganya kwamba nilifikiri sana. Nilifikiri kuhusu ile fulana ya ndani.

"Narudi nyumbani," nikamwambia. "Mwambie tu siku moja. Mwonyeshe kitufe cha tano."

Jacinta alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu Krismasi ile. Nikageuka kuelekea kwa Momanyi, na pale pale sauti ya kiume ikanisimamisha.

"Mama Lewis! Mgeni anafika kwangu na anarudi bila kukaa? Ni nani huyu?"

Mwalimu Osoro mwenyewe, mrefu, koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni hata siku kama hiyo. Jacinta akafungua mdomo.

Nikajibu mimi. Neno moja.

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa simu. Nilimletea mama simu yake."

"Na unataka kuondoka kabla ya chakula? Yaaya! Hapana! Hapa kwangu fundi ni mtu. Ingia, ukae, ule." Akanishika bega, akanisukuma hadi kiti cha nyuma kabisa, karibu na waendesha pikipiki. Mwanaume huyo alikuwa mwema, na wema wake ulinitoboa.

Abner akaniona. Akawa na rangi ya majivu. Lewis hakuniona, alikuwa ametazama mbele.

Mzee Osoro akarudi mbele, akasimama, watu wakanyamaza.

"Kabla ya yote," akasema, "kuna kiti kimoja ambacho hakina mtu leo. Tunamshukuru ndugu Abner kwa kusimama. Lakini kijana huyu alizaliwa na mtu. Marehemu Obadiah Nyangate hatukumjua, lakini ametuachia kijana mzuri, na mtu mbaya haachi kitu kizuri. Naomba tusimame, tuiname, tunyamaze dakika moja tumkumbuke."

Viti vikalia. Wote wakasimama.

Mimi nami nikasimama. Mngefanya nini? Niliinamisha kichwa nikajikumbuka. Kupitia kope niliona mgongo wa mwanangu unatikisika, na sikujua kama ni kilio au ni hofu, ila Kwamboka alimwekea mkono mgongoni na haukuacha kutikisika. Nikajiambia, yatosha. Ikiisha dakika hii nitaondoka, na mwanangu aoe. Lilikuwa jambo la kwanza jema nililolikusudia kwa miaka mingi, na lilihitaji sekunde ishirini tu zaidi.

Persis akanipigia kujua kama nimefika.

Mlio ule ulipasua hema. Mlio wa Tavia, mzima, kwa nguvu zake zote, na kitufe cha kupunguza sauti kimekufa miaka minne. Nikaingiza mkono mfukoni, simu ikanasa kwenye kitambaa. Nikaminya kila kitufe. Vichwa vikaanza kuinuka kimoja kimoja. Baadhi ya vijana wakacheka, hawakuwa wamesikia mlio huo tangu wakiwa watoto.

Lewis hakucheka. Alikua akisikia mlio huo. Aliupiga mluzi kila asubuhi akifagia duka langu, na alijua vizuri, kama mimi, kwamba kutoka Kisii hadi Nyamira amebaki mtu mmoja tu mwenye simu inayolia hivyo.

Hakugeuka. Bado kichwa chake kilikuwa kimeinama. Alisema tu, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye kiti changu cha nyuma:

"Tata."

Mzee Osoro akafungua macho. Akamtazama Lewis. Akafuata mlio kwa macho, kiti baada ya kiti, hadi akanifikia mimi.

"Kijana," akauliza taratibu, "umemwita nani?"

Na simu ilikuwa bado inalia.